Wino Mwekundu

Katika miaka yangu yote ya kusahihisha kazi za wanafunzi, na miaka hiyo si haba, ipo alama moja ambayo hadi leo huniamsha usiku. Nilimpa mwanachuo mmoja alama 38 kati ya 100 katika somo la Sanaa, na chini yake nikaandika kwa wino mwekundu maneno mawili: "Hujajibu swali." Sasa nimevuka umri wa miaka 75. Nilistaafu ukuu wa shule mwaka 2009, na wengi niliowapa alama mbaya kuliko hiyo wameniita baba, wakanialika katika harusi za watoto wao. Lakini hiyo 38 imekataa kustaafu pamoja nami.

Ilikuwa mwaka 1981. Nilikuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu Kanda ya Ziwa, kijana wa miaka 32 aliyejiona mjuzi kuliko vitabu alivyovisoma. Msomaji wa rika langu hahitaji kukumbushwa hali ya siku zile. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979. Tuliambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18, nayo miezi 18 ikapita na mikanda ikaongezwa matundu. Sabuni ilikuwa kwa foleni, sukari kwa kibali, na chaki moja tuliivunja vipande vitatu, kila mkufunzi akaondoka na chake mfukoni kama mtu aliyebeba dhahabu. Rangi za kuchorea zilikuwa jambo la kusimuliwa tu. Kwa hiyo niliwafundisha wanachuo wangu kujitengenezea: mkaa uliosagwa ukatupa weusi, chokaa weupe, udongo wa kichuguu wekundu, binzari manjano, na majani ya kisamvu yaliyotwangwa yakatupa kijani kilichopauka ndani ya wiki moja. Yote hayo tuliyakoroga kwa uji wa wanga wa muhogo ili yashike kwenye karatasi. Mende walizipenda sana picha zetu.

Mwanachuo ninayemsema alikuwa mkubwa kuliko wenzake, mwenye miaka 27 au 28 hivi. Alikwenda vitani akiwa mgambo, akarudi, akachaguliwa kusomea ualimu. Walikuwapo wengine kama yeye pale chuoni, na kwa kawaida ungewatambua kwa hadithi zao, maana jioni chini ya mwembe walikuwa wakiivuka mito na kuiteka miji upya mpaka kengele ya kulala igongwe. Huyu hakuwa na hadithi. Ungemtambua kwa kitanda chake, alichokitandika pasipo hata mkunjo mmoja, na kwa kupenda kwake kukaa mahali ambapo mlango na dirisha vyote anaviona. Nilimchukulia kuwa mtu mwenye majivuno. Kimya cha mtu mzima kikikutana na mwalimu kijana, mara nyingi hutafsiriwa hivyo.

Mwaka huo mkuu wa chuo aliagiza tuandae maonyesho kwa ajili ya wageni wa mkoa. Mada ilikuwa "Ushindi Wetu". Niliwapa wanachuo karatasi za manila, mbili mbili gundi katikati, pamoja na wiki tatu za kuchora. Kazi zilizoletwa zilinifurahisha. Palikuwa na askari wakipandisha bendera, vifaru vikivuka daraja, akina mama wakipiga vigelegele kando ya barabara, na nduli Idi Amin akikimbia na buti moja mguuni, jingine mkononi. Karibu kila picha ilikuwa na nduli huyo. Wengine walimchora mnene kiasi kwamba karatasi haikumtosha.

Yule mgambo wa zamani alileta picha ya migomba.

Naiona mpaka leo. Ilikuwa shamba la migomba, lakini hapakuwa na mgomba hata mmoja mzima. Yote ilikuwa imekatika, mingine kifuani, mingine magotini (nasema kifuani na magotini kwa sababu hivyo ndivyo ilivyosimama, kama watu). Majani yaliyobaki yalining'inia vipande vipande, mithili ya nguo iliyochanwa. Chini, udongo mwekundu wa kichuguu, mzito, uliopakwa kwa kidole wala si kwa brashi, na ndani yake mashimo aliyoyaachia weupe wa karatasi. Mbingu hakuipaka chochote. Nyuma kabisa, upande wa kulia, ulisimama mlango. Hakuwa amechora nyumba wala ukuta. Mlango peke yake na fremu yake, umefungwa.

Nikamwita ofisini.

"Ndugu, watu wako wapi?" nikamwuliza.

"Hawakuwapo, mwalimu."

"Na askari wetu je?"

Akafikiri kidogo. "Sisi ndio tuliokuwa tunatazama."

"Lakini mada ni ushindi wetu."

"Ndio huo, mwalimu."

Hakulisema kwa ufidhuli. Alilisema kama mtu aliyeulizwa saa akajibu saa. Mimi nikasikia ufidhuli. Nikamweleza kwa kirefu, kwa sauti niliyoitumia siku zile nilipokuwa sina hakika, kwamba sanaa ina wajibu kwa jamii, kwamba wageni wetu wangependa kuona mashujaa, na kwamba hata kwa kanuni za mpangilio picha ile ilikosa kitovu. Alisikiliza akiwa amesimama wima, mikono ubavuni. Nilipomaliza akasema, "Nimeelewa, mwalimu," akatoka. Ndipo nikachukua kalamu ya wino mwekundu.

Picha haikutundikwa. Ilikwenda stoo pamoja na majembe na mipira iliyopasuka. Mvua za vuli zilipoanza, kioo cha dirisha la stoo kilivunjika, na mtu fulani, sikumwuliza ni nani, aliitafuta karatasi ngumu akaizibia tundu. Kwa miezi mingi nilipita pale nikienda darasani, nikiuona mgongo wa ile manila ukilowa na kukauka, kulowa na kukauka. Aliyeichora naye alipita njia hiyo hiyo kwenda bwaloni, mara tatu kwa siku.

Nijitetee kidogo, maana hata mshtakiwa hupewa nafasi. Vita nilivyovijua mimi vilipita redioni. Wanajeshi wa Amin walipoivamia ardhi yetu hadi mto Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na daraja la Kyaka likavunjwa, mimi nilikuwa nikizunguka vijijini na wanachuo kukusanya michango: mahindi, kuku, ng'ombe wa kuwapelekea askari. Tuliimba njia nzima. Nilimwona ng'ombe mmoja, wa mjane, akikokotwa kupandishwa kwenye lori, na huyo ndiye majeruhi pekee niliyemshuhudia kwa macho yangu. Aprili 11, 1979, Kampala ilipotwaliwa, nilicheza ngoma uwanjani mpaka kiatu kikakatika soli. Mtu aliyevijua vita kwa wimbo hutaka picha iimbe wimbo huo huo. Huo ndio utetezi wangu wote, nao ni mwembamba.

Ikapita miaka kumi. Mwaka 1991, nikiwa tayari mkuu wa shule ya sekondari, nilipata bahati ya kupelekwa Uingereza kwa kozi ya miezi mitatu ya uongozi wa shule. Kuhusu kozi yenyewe sina la kusema. Tulifundishwa kupanga bajeti za fedha ambazo shule zetu hazikuwa nazo. Jumamosi moja yenye baridi ya kukata masikio nilikwenda katika jumba la makumbusho ya vita liitwalo Imperial War Museum, kusini ya mto Thames. Mbele ya jumba imelala mizinga miwili ya manowari, mirefu kama minazi iliyoangushwa. Jengo lenyewe zamani lilikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, Bethlem, na baadaye ndipo wakaingiza humo kumbukumbu za vita. Sijui kama aliyeamua hivyo alikusudia jambo, lakini mimi nililiona.

Nilitazama ndege zilizoning'inizwa darini na vifaru vilivyong'arishwa, nikapanda ngazi kwenye vyumba vya picha hasa kwa ajili ya kukimbia kelele za watoto. Huko, ukutani, nikaikuta migomba.

Haikuwa migomba, bila shaka. Ilikuwa miti ya Ubelgiji. Lakini ilikuwa imekatika kifuani na magotini. Ardhi ilikuwa imevimba na kubonyea, tuta na shimo, tuta na shimo, kama bahari chafu iliyogandishwa au makaburi yasiyo na mpangilio. Nyuma yake mawingu ya rangi ya damu kavu, na juu ya mawingu jua jeupe likichomoza na kurusha miali juu ya uharibifu ule, kwa utulivu, kana kwamba ni asubuhi ya kawaida ya kwenda shamba. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Nikasogea kusoma jina. Mchoraji Paul Nash, mwaka 1918. Jina la picha, kwa Kiswahili chetu, ni "Tunaumba Dunia Mpya".

Ndio huo, mwalimu.

Palikuwa na benchi. Nilikaa juu yake muda mrefu hata mlinzi akaja kuniuliza kama najisikia vizuri.

Tangu siku hiyo nimemsoma Nash kila nilipoweza, katika maktaba na katika vitabu nilivyoletewa na wanafunzi wangu waliokwenda ng'ambo. Alizaliwa London mwaka 1889 na akakulia mashambani, Buckinghamshire. Kabla ya vita alikuwa mchoraji wa miti. Aliiheshimu miti kama watu, akiitazama moja moja, na mtu wa namna hiyo ndiye aliyepelekwa kama ofisa kijana wa jeshi katika eneo la Ypres, Ubelgiji, mapema mwaka 1917. Cha ajabu ni kwamba mara ya kwanza aliipenda nchi ile. Ulikuwa majira ya kuchipua, eneo lake lilikuwa na utulivu kiasi, na aliona maua na majani yakiota juu ya kingo za mahandaki. Michoro yake ya wakati huo ina huzuni lakini haina hasira. Mwezi Mei mwaka huo alianguka usiku ndani ya handaki, akavunjika ubavu, akarudishwa Uingereza. Siku chache baadaye wenzake wengi waliangamia katika shambulio la kilima walichokiita namba 60. Ubavu mmoja uliovunjika ndio uliompatia miaka mingine 29 ya kuishi.

Alirudi Ubelgiji kuelekea Novemba 1917, safari hii akiwa mchoraji rasmi wa serikali, akiwa na dereva na vibali. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Mapigano ya Passchendaele yalikuwa yameanza Julai 31. Makombora yalikuwa yamevunjavunja mifereji yote ya kutolea maji katika nchi ile ya tambarare, na mvua zikanyesha, na udongo ukageuka uji. Watu na farasi walizama humo wakiwa hai. Nash alikaa karibu wiki sita, akachora karatasi 50 hivi, nyingine akiwa ndani ya mapigano hasa, tena kwa haraka, kwenye karatasi za rangi ya udongo. Alimwandikia mkewe, Margaret, barua ambayo imekuwa mashuhuri. Kwa ufupi alimwambia kuwa hakujiona tena kuwa msanii wa kutazama mambo kwa udadisi. Alijiona tarishi aliyetumwa na wanaopigana kwa wale wanaotaka vita viendelee, na kwamba ujumbe wake, hata ukiwa wa kigugumizi, utakuwa na ukweli mchungu.

Neno hilo, tarishi, lilinichoma zaidi ya mengine. Tarishi aliletwa mpaka ofisini kwangu, na mimi nikamsahihisha mwandiko.

Niliporudi kwenye picha hiyo vitabuni nilijifunza jambo ambalo macho yangu hayakuligundua siku ile. Nash alikuwa mgeni katika rangi za mafuta. Hakuwa amezitumia kabla ya mwaka 1918. Picha hiyo ni miongoni mwa za kwanza kabisa alizochora kwa rangi hizo, na aliitoa katika mchoro mdogo wa macheo ya jua kwenye kijisitu kimoja karibu na Ypres, kijisitu ambacho kilikuwa kimebaki visiki tu. Kwa hiyo ule uzito wa rangi, ule ukavu wa mawingu, ni mtu anayejifunza chombo kipya kwa sababu kile cha zamani hakikutosha kubeba alichokiona. Nami nilimkata mtu wangu alama kumi kwa kupaka udongo kwa kidole.

Lipo na jingine. Picha ya Nash ilichapishwa mwaka 1918 kwenye jalada la kitabu cha serikali, bila jina lake, na ofisa aliyekuwa na kazi ya kukagua picha za vita alipoziona kazi za Nash alitilia shaka kwamba labda mtu huyu anawafanyia watu mzaha. Lakini alizipitisha. Hakuona maiti ndani yake, na kazi yake ilikuwa kuzuia maiti. Mchoraji mwingine wa wakati huo, Nevinson, alichora askari wawili wa Kiingereza wamelala kifudifudi, wamekufa, na picha hiyo ikakatazwa. Akaitundika hivyo hivyo katika maonyesho yake, ameibandika ukanda wa karatasi kuonyesha kwamba imezuiwa. Nimemwonea huruma yule mkaguzi kwa miaka mingi. Alikuwa na orodha yake ya vitu vya kutafuta katika picha, kama mimi nilivyokuwa na yangu: mimi nilitafuta mashujaa nikawakosa, yeye alitafuta maiti akazikosa, na sote wawili tulikuwa tumesimama mbele ya jambo kubwa tukipekua mifuko yake.

Nash alichora nyingine kubwa zaidi, yenye upana wa zaidi ya mita tatu, barabara ya Menin, aliyoimaliza Februari 1919. Ndani yake kuna askari wawili wadogo wanaojaribu kuifuata barabara isiyokuwapo tena. Aliichora katika banda la kukaushia mitishamba, yeye na mdogo wake John, ambaye naye alikuwa mchoraji na naye alitoka vitani. John ndiye aliyechora askari wakipanda kutoka handakini kwenye theluji, siku ya Desemba 30, 1917. Katika shambulio lile, kati ya watu 80, 68 waliuawa au kujeruhiwa katika dakika za mwanzo, naye alikuwa mmoja wa waliosalimika. Huwa nawafikiria ndugu hao wawili ndani ya banda, majira ya joto ya 1918, nje mashamba ya kijani ya Kiingereza, ndani harufu ya mitishamba na rangi ya mafuta, kila mmoja akilipakua tope lake. Walikuwa na banda, rangi na mshahara. Mtu wangu alikuwa na binzari na mende.

Niliporejea nyumbani nilinunua tiketi ya basi kwenda katika kile chuo hata kabla ya kufungua masanduku. Stoo ilikuwapo. Dirisha lilikuwa limetiwa nondo na kioo kipya. Mtunza stoo, mzee aliyenikumbuka, alicheka aliposikia ninachokitafuta. "Mwalimu, karatasi ya mwaka themanini na moja?" Akanipa kiti, akanipa na chai.

Nilimpata mwenyewe mwaka 1996, au niseme yeye ndiye aliyenipata. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika wilaya ya jirani. Alisikia shule yetu inatupa madawati mabovu, akaja na baiskeli kuomba ayachukue akayatengeneze. Mvi zilikuwa zimemwingia. Alisimama mlangoni pa ofisi yangu, akatazama dirisha, ndipo akaingia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwalimu mwenzangu. Karibu, kaa."

Tulimaliza habari za madawati, nikampa 22 pamoja na lori la shule la kuyabebea. Kisha nikaanza kumwomba radhi. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno kwa miaka mitano, na yote yakanitoka vibaya. Alinikatiza kwa kicheko, si cha uchungu. "Thelathini na nane," alisema. "Naikumbuka. Mwenzangu aliyechora Amin anapanda ng'ombe kinyumenyume alipata themanini."

Nikamwonyesha postikadi ya picha ya Nash niliyoinunua kule jumbani, ambayo niliiweka chini ya kioo cha meza yangu. Nilimweleza habari zote: Ypres, tope, barua. Nikamwambia nilivyoikumbuka migomba yake, na kwamba sasa nilielewa alitaka kutuonyesha walichotufanyia majeshi ya Amin kule Kagera, nyumba zilizochomwa, mashamba yaliyokatwa.

Alikuwa ameishika kadi kwa mikono miwili. Hakuinua macho.

"Haikuwa Kagera, mwalimu," akasema.

Nikanyamaza.

"Ilikuwa ng'ambo. Tumekwisha kupita Mutukula. Tunaelekea Masaka." Akaweka kadi mezani, akainyoosha ikae sambamba na ukingo wa meza. "Tulikuwa na ile mizinga ya BM, ambayo Waganda waliiita Saba Saba kwa sababu ya ule mlio. Mimi nilikuwa wa kubeba makombora. Unapakia, inakwenda, hujui inaangukia wapi. Kesho yake tunasonga mbele, tukapita ilikoangukia. Ndipo nikaiona ile migomba."

Masaka ilitwaliwa Februari 1979. Hilo nililijua, lilitangazwa, na nililishangilia. Nyumba zake nyingi zilibaki vifusi. Askari waliokuwa wameyaona ya Kagera kwanza walikwenda kule na hasira, na hasira hiyo hatukuwa tumeichora katika picha yoyote ya maonyesho yetu.

"Na mlango?" nikamwuliza.

"Mlango ulikuwapo hivyo hivyo. Umefungwa kwa nje, na kufuli." Akatabasamu kidogo, kama anayesimulia jambo la jirani yake. "Mwenyewe alifunga nyumba yake vizuri kabla ya kukimbia. Nilimheshimu. Nilisema kimoyomoyo, huyu ni mtu anayejali vitu vyake."

Kwa miaka 15 nilikuwa nimejilaumu kwamba sikuelewa picha ile, na kwa miaka mitano ya mwisho nilijipongeza kwamba hatimaye nimeielewa. Kumbe hata toba yangu ilikuwa imejibu swali jingine. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia siku ile ofisini. Swali la kijinga, nililijua kabla sijalimaliza. Angeliniambia nini, mbele ya mada ile, mwaka ule, na mimi nimeshika kalamu?

Alijibu kwa adabu, hata hivyo. "Nilifikiri nimekwambia, mwalimu."

Nilikuwa na boksi la rangi za mafuta nililolileta kutoka London, halijafunguliwa. Kusema kweli nililinunua kwa ajili yake, ingawa wakati nalinunua sikujua kama yu hai. Nilimpa. Akalipokea, akafungua, akasoma majina ya rangi yaliyoandikwa kwenye mirija, akazirudisha moja moja mahali pake. Akaniuliza kama hizi huoshwa kwa maji. Nikamwambia la, kwa tapentaini. Akasema basi hazitafaa kwa watoto, watachafua sare na wazazi watamlaumu. Afadhali nimpe chaki za rangi kama ninazo. Nilimwuliza kama yeye mwenyewe huchora siku hizi.

"Ninafundisha Hesabu," akasema.

Nikampa makasha mawili ya chaki za rangi. Lori lilikuwa limekwisha kupakiwa, na dereva alikuwa akipiga honi. Yule bwana akasimama, lakini hakuondoka. Aliichukua tena ile postikadi, akaisogeza dirishani kwenye mwanga.

"Huyu alifika mvua zimekwisha kunyesha," akasema. "Angalia udongo wake ulivyo. Sisi wetu ulikuwa mkavu, unatimka." Akaendelea kutazama. "Na hili jua amelipatia. Mimi nilishindwa la kulifanya, ndiyo maana mbingu nikaiacha."

Akaniuliza kama ninayo nyingine. Sikuwa nayo. Nikamwambia achukue. Alifungua mkoba wake, akatoa daftari la mahudhurio la shule yake, akaiweka kadi katikati ya kurasa, akakaza mpira wa daftari. Kisha akatoka kwenda kuhesabu madawati.